Bolti Iliyokazwa Mara Mbili

Injini ilipoanza kugonga, binti alikuwa na sindano mkononi na kifungo cha shati la thelathini na moja katikati ya meno. Aliinua kichwa akaiona taa nyekundu ya oili ikiwaka kwenye dashibodi, mbele kabisa ya pua ya baba yake. Baba yake alikuwa ametazama mbele, ametulia tuli, kichwa amekiinamisha upande kidogo. Kisha akazima gari bila kusema neno, akaliacha litambae lenyewe mpaka likasimama.

“Oili imekwisha,” alisema. “Nimesikia vyuma vinalia.”

Hakusema ameona taa. Amesikia. Neno hilo lilimchoma binti, lakini hakupata nafasi ya kulifikiria, kwa sababu wakati huohuo alitazama nje ya kioo na kifungo kikamdondoka mdomoni.

Barabara haikuwepo.

Walikuwa katikati ya uwanda mweupe uliokauka ukapasuka kama kisigino. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, hakuna nguzo, hakuna tuta, hakuna hata kichaka cha kuegemea. Asubuhi walikuwa kwenye barabara ya vumbi inayokwenda shule ya bweni, wakipeleka sare mpya na madumu mawili ya mafuta ya kupikia aliyoagiza mpishi wa shule. Yeye aliinama kushona vifungo vilivyobaki. Hakuinua kichwa kwa saa nzima, labda zaidi. Kwa nini ainue? Baba yake alikuwa dereva miaka thelathini.

“Baba, barabara iko wapi?”

Mikono ya mzee ilikuwa bado juu ya usukani.

“Si tuko juu yake?” aliuliza polepole.

Kwa miaka miwili binti alijua macho ya baba yake yanafifia. Alijua tangu Jumamosi ile alipomkuta uani, chini ya pikapu hii waliyoiita Bi Mkubwa, kwa kuwa hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuigombeza, akipapasa nati iliyokuwa mbele ya mkono wake. Alidhani ni vitu vya karibu tu vinavyompotea. Baba yake naye alidhani hakuna anayejua chochote. Na kila mtu alimhurumia mwenzake kwa kukaa kimya.

Waliteremka. Jua lilikuwa limeshapanda, na joto lilitoka juu na chini kwa pamoja. Maji yalikuwa lita tatu kwenye dumu dogo, si zaidi. Binti alilala kifudifudi akachungulia chini ya injini. Bakuli la oili lilikuwa limelowa, na pale ilipopaswa kuwa bolti ya kumwagia oili chafu kulikuwa na tundu tupu, jeusi, linadondosha tone la mwisho.

Mzee alimwambia arudi nyuma kwenye alama za matairi akaitafute. Alikwenda hatua mia mbili, mia tatu, akaiokota. Aliigeuza mkononi. Meno ya bolti yalikuwa yamejaa vipande vya chuma laini, kama nyama kwenye meno ya mbwa. Meno ya bakuli yalikuwa yameng'oka yakaja na bolti. Kitu hicho hakifanyiki kwa bolti iliyolegea. Hufanyika kwa iliyokazwa kupita kiasi, tena na tena.

Alijua nani aliikaza. Kila Jumamosi baba yake alipomaliza kazi akaenda kuoga, yeye alijipenyeza chini ya gari na spana akakaza upya kila alichokigusa mzee, ili asije akaumia njiani wala asiaibike. Bolti hii aliikaza Jumamosi iliyopita, baada ya oili kubadilishwa. Alikumbuka kwamba aliikandamiza spana kwa mguu.

Alikuwa bado ameishika pale alipousikia mlio. Haukuwa mkubwa. Chuma kiliteleza, pakawa na kishindo kizito, kisha kimya, kisha sauti ya baba yake ikimwita, si kwa kelele, kwa upole wa ajabu kama mtu anayeomba chumvi.

Alikimbia roho mkononi. Mzee hakumsubiri. Alikuwa ameweka jeki mwenyewe ili ainue gari, juu ya ardhi ambayo jicho zima lingeona kuwa ni ganda jembamba juu ya mchanga. Jeki ilizama, ikalala, na Bi Mkubwa akasogea mbele. Gurudumu lilikuwa juu ya mguu wa mzee, chini ya goti.

“Usilisukume,” alisema. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. “Ukilisukuma litapanda juu zaidi. Chimba.”

Binti aliweka mawe mawili nyuma na mbele ya magurudumu mengine, akang'oa kifuniko cha rimu, akachimba. Mchanga ule laini uliomwangusha baba yake ndio uliomwokoa, maana mguu ulikuwa umedidimia badala ya kusagwa. Alichimba kwa kifuniko, kisha kwa vidole pale alipoogopa kumkata. Kucha mbili zilivunjika hakuzihisi. Mguu ulipopata nafasi alimshika baba yake kwapani akamvuta, naye mzee akatoa mlio ambao binti hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

Mfupa ulikuwa umevunjika, lakini ngozi haikupasuka. Aliivunja rula yake ya mbao vipande viwili, akaviweka huku na huku, akachana sketi mbili mpya za sare akafunga. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili lilishika. Alimsogeza kwenye kivuli cha gari akampa maji, naye akanywa mafunda mawili akarudisha kifuniko mwenyewe.

“Na wewe.”

“Nimeshakunywa.”

“Sijasikia ukimeza.”

Akanywa. Halafu alikaa chini mchangani, akaiweka ile bolti kwenye kiganja cha baba yake, akamwambia yote. Jumamosi zote. Spana. Mguu. Alisema kwa sauti ndogo huku akitazama magoti yake, na alipomaliza hakuthubutu kuinua uso.

Mzee aliipapasa bolti kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

“Nilijua,” alisema. “Nilikuwa nakusikia kutoka bafuni.”

Binti aliinua uso.

“Kwa hiyo nikawa nakaza kwa nguvu zangu zote, ukija usikute kazi. Nilitaka useme, ah, mzee bado yumo.” Alicheka, kicheko kikaishia kwenye maumivu. “Kumbe tumemnyonga Bi Mkubwa, mmoja kutoka kila upande.”

Binti hakucheka naye. Miaka miwili ya kunyata, na pande zote mbili za ukuta walikuwa macho.

Jua lilipofika utosini maji yalikuwa yamebaki lita moja na kitu. Mzee alianza kutetemeka katika joto lile, jambo lililomtisha binti kuliko mfupa uliovunjika. Kumwacha na kwenda kutafuta msaada kwa miguu hakuwezekani, na kukaa kusubiri gari mahali pasipopita gari ni kujidanganya. Akapiga moyo konde akamwuliza tundu lile linazibwaje.

Baba yake alimwelekeza akiwa amelala. Binti alitoa mpini wa bisibisi kuukuu, ule wa mbao, akauchonga kwa kisu hadi ukawa mwembamba upande mmoja. Akauzungushia kitambaa cha sare, akakifunga kwa uzi mizunguko mingi, sawasawa, kama anavyofunga shina la kifungo. Kisha akachimba shimo la kutosha mwili wake chini ya injini, akajilaza humo. Tundu lilikuwa kwenye giza na jasho lilimwingia machoni.

“Sioni kitu,” alisema.

“Fumba macho,” alijibu mzee. “Vidole vina akili kuliko unavyodhani.”

Alifumba. Akalipata. Alikipigilia kizibo kwa nyundo mpaka mzee, kwa kusikiliza mlio tu, akamwambia basi, hapohapo, ukiongeza pigo moja utapasua.

Oili hawakuwa nayo. Walikuwa na madumu mawili ya mafuta ya mpishi. Binti alidhani baba yake ameanza kuweweseka alipomwambia ayamimine kwenye injini, lita tano. Hayakuwa ya kazi hiyo, mzee alisema, lakini kwa mwendo mfupi, polepole, yangeweza kulainisha vyuma. Alimimina. Akamvuta baba yake, akampandisha kitini kwa nguvu ambazo hakujua alizitoa wapi, akazunguka akakaa kwenye usukani. Alikuwa ameendesha gari mara sita tu maishani, zote uani.

Upepo ulikuwa umeshaanza kufuta alama za matairi. Lakini matone ya oili, yaliyovuja tangu kabla bolti haijadondoka, hayakufutika. Yalikuwa yamekaa kwenye uwanda mweupe, meusi, moja baada ya jingine, kurudi kule walikotoka. Akayafuata kwa gia ya pili. Injini ilitoa moshi wenye harufu ya jikoni, na mzee, macho amefumba, akanong'ona kwamba wanafunzi watakula wali mkavu wiki hii.

Matone yakawa machache. Kisha yakawa ya kutafuta. Kisha hakukuwa na tone tena, na barabara bado haikuonekana.

“Yameisha, baba.”

“Zima gari. Fungua milango yote.”

Kimya kilikuwa kizito hata akasikia moyo wake mwenyewe. Hakusikia kingine. Mzee aligeuza kichwa huku na huku, taratibu, kisha akanyoosha mkono kushoto.

“Lori. Limebeba mzigo. Linapanda.”

Binti hakuona wala kusikia chochote. Aliwasha gari akaelekea pale kidole kilipoonyesha. Dakika tano, kumi. Injini ikaanza kupiga kelele ya kuomba huruma, na ndipo akaona utepe wa vumbi ukiinuka, na chini ya vumbi, mstari wa barabara. Bi Mkubwa alizimika akiwa na magurudumu mawili juu ya tuta. Hakuwaka tena.

Dereva wa lori la kokoto aliteremka na chupa ya maji. Ilibidi ambandue binti vidole kutoka kwenye usukani, kimoja kimoja, kwa kuwa vilikuwa vimekataa. Aliwatazama wote wawili, mguu uliofungwa sketi, moshi wa kikaango, akauliza ni nani aliyekuwa anaendesha.

Binti alifungua mdomo kujibu, “Mimi, kwenda na kurudi,” kama alivyozoea kufunika. Mzee alimtangulia.

“Kwenda, mimi. Kurudi, binti yangu. Mimi sioni, ndugu yangu. Mwaka wa pili huu.”

Alilisema hilo kwa mtu asiyemjua, kando ya barabara, kama anayetaja umri wake. Binti alisimama na chupa mkononi, maji yakimwagika kwenye viatu.

Dereva aliwapakia kwenye kabini, mzee katikati, mguu umenyooshwa juu ya gunia. Zahanati ilikuwa saa moja mbele. Lori lilipoanza kupanda, mzee alimgusa kiwiko.

“Mama,” alisema, “huko nje kuna nini?”

Akamwambia. Kokoto, kilima chekundu, ndege wawili juu ya nguzo, bomba lililovunjika, mtu mwenye mwavuli akichunga mbuzi. Alisimulia mpaka sauti ikamkauka, na kila aliponyamaza kiwiko kiliguswa tena.