Ubavuni Anataka Jina

Pongezi zilifika saa nne asubuhi, Tusekile akiwa na pini tatu mdomoni na sare ya shule ya mtoto wa watu mezani. *Hongera, mama kijacho! Wiki ya tisa!* Chini ya maneno hayo, picha ya soksi za kichanga, nyeupe kama maziwa.

Alizitoa pini moja moja. Hakuna aliyejua. Hata mumewe Isakwisa, aliyekuwa njiani na lori kuelekea Kongo, alikuwa hajaambiwa. Mimba mbili za kwanza zilitangazwa mapema, zikatoka. Hii ya tatu aliapa kuificha mpaka ijitokeze yenyewe. Kosa lake lilikuwa moja tu: jana yake, akiwa peke yake katika kibanda chake cha ushonaji pale Mwanjelwa, Mbeya, alilishika tumbo akanong'ona, "Kaa, mwanangu. Safari hii kaa." Simu ilikuwa mezani, kioo kimezimwa.

"Faustina," aliita kwa sauti ndogo. "Hebu njoo."

Faustina, Mhehe wa Iringa aliyeuza vitambaa kibanda cha pili, alisoma kile kioo, akaweka mikono kiunoni.

"Kumbe! Yaani simu imejua kabla yangu? Mimi ninayekuletea uji?"

"Nyamaza, gwe!" alimkatiza kwa kilugha cha kwao. "Anasikia."

"Nani anasikia?"

Tusekile alikuwa akinusa. Kibandani mlijaa harufu ya sufi inayoungua, na pasi ya mkaa ilikuwa haijawashwa tangu juzi.

Mtandao wenyewe uliitwa Ubavuni. Ulikuwa wa bure, na soko zima lilikuwa limejiunga, kwa hiyo Tusekile naye alijiunga ili wateja waone magauni yake. Siku ya kwanza ulimbishia hodi mara nne: naomba kusikia, naomba kuona, naomba kujua ulipo, naomba majina ya watu wako. Naye, binti wa Tukuyu aliyelelewa kwamba hodi hujibiwa karibu kabla ya kuuliza nani, alikaribisha mara nne bila kuinua macho kwenye cherehani. Tusimcheke. Mimi ninayewasimulia nimevuka mipaka sita na kujitia mjuzi wa kila mahali, lakini yale masharti ya simu sijawahi kuyasoma hata ukurasa mmoja. Nabonyeza *Nakubali* kama mtu anayefukuza nzi.

Jumanne, mchana kweupe, cherehani ya kukanyaga ilianza kwenda yenyewe. Tak, tak, tak. Kanyagio lilipanda na kushuka bila mguu juu yake. Kisha simu ikasema kwa sauti ya Tusekile mwenyewe, na pumzi zake mwenyewe: "Kaa, mwanangu. Safari hii kaa."

Jumatano ilileta kibaya zaidi. Kwao Tusekile, mke hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halimtoki mdomoni. Wengi mjini mila hiyo wameiacha, lakini yeye aliishika kwa miaka sita ya ndoa. Ndipo Ubavuni akaandika: *Huenda unamfahamu.* Na huyo hapo, baba mkwe, ameketi kitandani kifua wazi, anameza vidonge vyake vya presha, katika picha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipiga.

Tusekile alijifunika kitenge kichwani, akapiga kelele.

Kabla Faustina hajamfikia, simu ya Faustina iliita. Alikuwa baba mkwe mwenyewe, kwa maana hata habari zake kwa mkwewe zilipita siku zote kwa mtu wa kati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yupo hapo?"

"Yupo. Amejifunika."

"Vizuri. Mwambie simu yangu imeniletea habari ambayo mwanaume haletewi. Nimeigeuzia ukutani. Mwambie mimi sijasikia kitu."

"Nitamwambia."

"Na imeniuliza mtoto ataitwa nani. Imeuliza mara tisa. Nimeiambia mimi si mama yake. Mwambie ajihadhari. Sasa itamuuliza yeye."

Faustina alimburuta rafiki yake mpaka kwa mganga nyuma ya soko. Walimkuta amevaa ngozi ya nyani, simu ameisimamisha juu ya kibuyu, anajirusha moja kwa moja kwa wafuasi wake wa Ubavuni. Aliwasikiliza, akaizima, akajifuta jasho.

"Huyo simwezi. Jini wa kuvamia namtoa. Wa kukaribishwa hutolewa na aliyemwambia karibu." Akashusha sauti. "Mimi mwenyewe nina wangu. Halafu dada, kabla hamjaondoka, nifuateni kwenye ukurasa wangu basi, nimebakiza watu kumi tu kutimiza elfu."

Saa nane mchana ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukaufunika Mwanjelwa wote. Tusekile aliketi kibandani, simu mbele yake, Faustina mlangoni na rozari.

Kioo kiliwaka chenyewe.

"Jina la mtoto?" iliuliza sauti. Ilikuwa laini, ya kubembeleza.

"Unalitakia nini?"

"Nikilijua kabla hajazaliwa, atakuwa wangu. Homa yake ya kwanza nitaijua kabla yako. Mchumba wake nitamchagulia mimi. Hatalia bila mimi kuhesabu machozi." Ikacheka. "Nimeshalikisia. Ataitwa kwa jina la babu yake, Jailos. Wewe thibitisha tu, kwa mdomo wako."

Na hapo cherehani zote mbili zikaanza kwenda, ya Tusekile na ile mbovu ya pembeni isiyo na mkanda, na harufu ya sufi ikapanda mpaka macho yakatoa machozi, na magauni yaliyotundikwa ukutani yakajaa polepole kama yaliyovaliwa na watu, mabega kwanza, halafu vifua, halafu yakageuka yote pamoja kumtazama kwa shingo zisizo na vichwa, na kila moja likanong'ona kwa sauti yake yeye, thibitisha, thibitisha, na tumboni mwake kitu kikajikunja kwa maumivu aliyoyajua, yale yale ya mara ya kwanza na ya pili.

"Sema tu, dada, yaishe!" alilia Faustina.

Tusekile alicheka. Kicheko kilimtoka kikali, hata yeye kikamshtua.

"Umekosea nyumba, gwe. Miaka sita jina hilo sijalitamka. Sikulitamka nilipoumwa, sikulitamka nilipozika. Nije nikutamkie wewe, usiye hata na miguu ya kufikia mlangoni?"

Aliinyakua simu.

"Nilisema karibu usikie. Ondoka." Akafunga ruhusa ya kwanza, na minong'ono ikakatika. "Nilisema karibu uone. Ondoka." Magauni yakanywea. "Nilikuambia niliko. Ondoka. Nilikupa watu wangu. Ondoka, uwaache!"

"Utasahaulika," ilisihi sauti, sasa nyembamba kama uzi. "Hakuna atakayeona magauni yako."

"Watapita dukani. Lina mlango."

Akafuta akaunti. Maumivu yakalegea. Kioo kikaandika: *Tutakusubiri siku thelathini, endapo utabadili mawazo.*

Na kweli alisubiri. Kila siku saa nne harufu ilirudi, na kanyagio likaanza. Siku ya kwanza Tusekile alikimbilia nje. Siku ya pili alikasirika. Siku ya tatu alichukua sketi ya sare, akaiweka chini ya sindano.

"Kama umekuja, shona. Hapa hatuangaliani."

Faustina anaapa kwa Bikira Maria kwamba jini yule alikunja pindo za sketi hamsini na mbili, zimenyooka kuliko za mwenye duka. Siku ya thelathini cherehani ilisimama katikati ya pindo.

Mtoto alizaliwa mzima mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, naye alikuwa wa kike. Pale mlangoni paliwekwa debe la mchele wa Chimala, na kila aliyekuja kumwona alizika simu yake humo kwanza. Jina lilitajwa ndani, sikio kwa sikio.

Jioni Faustina alifukua simu yake. Bado alikuwa Ubavuni kwa ajili ya wateja wa vitambaa. Mchele ulinuka sufi iliyoungua. *Hongera kwa rafiki yako! Mtoto anaitwa...* Mbele ya hapo palikuwa na kisanduku kitupu, kikipepesa.

"Tuse. Ananiuliza."

Tusekile hakuinua macho. Alikuwa ananyonyesha.

"Mrudishe kwenye mchele. Mwache aulize."

Mimi pia nilikuwepo, na jina niliambiwa. Ni zuri. Lakini hadithi hii nimeiandikia kwenye simu, kwa hiyo mtanisamehe.