Kabati la Mti wa Kileleni

Siku ya tatu tangu liingizwe chumbani kwa binti, kabati lilianza kutoa jasho. Fundi seremala akalifuta kwa kitambaa, akanusa: udongo mbichi.

"Mbao haijakauka," alimwambia mkewe, na huku aliianika miezi sita.

Alijua na jingine. Mti ule ulikuwa wa mwisho. Aina yake iliota kisiwani humo tu, kileleni penye ukungu, na bwana miti alimsihi asiuguse. Fundi alisubiri bwana miti aende kumzika mamaye, akapanda na msumeno. Binti yake alikuwa anaolewa. Alitaka kabati lisilo na mwenzake.

Wiki ya pili, konokono wakatambaa ukutani. Ukungu ukatanda chumbani mchana kweupe, maji yakadondoka darini ingawa nje jua lilikuwa linachoma, na binti, aliyekuwa hanyamazi tangu azaliwe, akalala kimya akihema pole pole, midomo ikigeuka kijani.

Wakamwita mganga, mama mmoja mnene mwenye miwani. Akamshika binti kichwa.

"Wewe nani?"

Kilichojibu kilikoroma kama gogo likipasuka. "Nilikuwa na nyumba moja tu duniani. Huyu ameivunja, akaipigilia misumari. Sasa nakaa kwake."

"Utamwacha mtoto ukipewa nini?"

"Mahali pangu kileleni pasibaki patupu."

"Nitapanda mwingine!" fundi alilia.

"Mbegu zangu ulizichoma pamoja na matawi."

Fundi akamtazama mwanawe. "Basi nitakwenda mimi," akasema.

"Nyamaza, baba!" mganga alimkemea kwa kunong'ona, lakini binti alikuwa ameshakohoa, akafumbua macho, akaomba chai.

Kesho yake fundi alikwenda kileleni na mkewe kuomba radhi. Alisimama kando ya kisiki, akatubu mpaka sauti ikamkauka, ukungu ukishuka na kuwazunguka, ukimlowesha nywele, kope na shati, hata mkewe akawa anamwona nusu nusu.

"Yatosha, mume wangu. Twende."

Alijaribu kuinua mguu.

"Tangulia," alisema taratibu. "Mwambie mtoto harusi iendelee."

"Umenasa?" Mkewe akachutama, akafukua matope kuzunguka kiatu. Vidole vya mumewe vilikuwa vimetoboa soli, vyeupe, vyembamba, vimezama ardhini; na alipokishika kimoja akivute, kikateleza mkononi mwake kikielekea chini.