Samaki wa Kidole Kimoja

Kila asubuhi Samaki aliamshwa na pasi ya baba yake. Baba alikuwa dobi, na chumba chake cha kazi kilipakana na chumba alicholala Samaki pamoja na bibi yake. Pasi iligusa meza, ikateleza, ikatua tena, na harufu ya sabuni na nguo iliyopata moto ikapenya chini ya mlango kabla jua halijachomoza. Zamani alikuwa akijifunika shuka usoni asisikie. Siku hizi alilala kimya akisikiliza, kwa sababu alijua ataikosa sauti ile.

Muhula uliofuata angesoma melini. Ilikuwa meli ya shule, yenye madarasa chini na vitanda vya ghorofa, na wanafunzi wa nchi mbalimbali wangesafiri nayo kutoka bandari hadi bandari. Samaki alikuwa na miaka kumi na mitatu, na nafasi hiyo aliipata kwa kusoma kweli, si kwa kubebwa.

Maandalizi yaligeuza nyumba nzima. Baba alichora sakafuni, kwa chaki, upana wa kitanda cha melini, akamwekea godoro jembamba ajizoeze kulala ndani ya mistari.

"Mke mwenzangu, ukigeuka hapo umeshaangukia baharini," bibi alimtania kutoka kitandani. "Mimi hapa nimepata kitanda kizima. Usiharakishe kurudi."

Lakini kulipokucha Samaki alimkuta bibi amelala pembeni kabisa, kama siku zote, nafasi ya mjukuu wake ameiacha vilevile. Samaki alijisikia kulia.

Baba naye alishughulika na nguo. Dobi hutia alama ya uzi kwenye pindo la nguo ya kila mteja, isije ikapotelea kwa mwingine. Nguo za binti yake alizitia zote alama ya samaki mdogo, kwa uzi wa buluu. Alikuwa akishona huku akiimba kwa pua, na kila Samaki alipoiona alama ile, aliikunjia ndani isionekane.

Sababu yake ilikuwa ya zamani. Alipokuwa mdogo, Jumapili baada ya kazi, baba alikuwa akimpeleka kwenye bwawa la kuogelea la mji. Baba mwenyewe hakujua kuogelea. Mikono yake ilishinda majini wiki nzima, lakini maji ya kupita magoti aliyaogopa. Alikunja suruali, akakaa ukingoni na taulo mapajani. Siku moja akamwona binti yake anavuka kina kifupi, mikono inakata maji, kidevu juu. Baba alisimama akapiga makofi. "Jamani, mtazameni mwanangu. Huyu ni samaki." Tangu siku hiyo jina likamganda, hata bibi akasahau kumwita kwa jina lake.

Ila baba hakuona kilichokuwa chini ya maji. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinatembea sakafuni, kinarukaruka, kinamsukuma mbele. Samaki hakuwa ameogelea hata siku moja. Mwanzoni ulikuwa mchezo tu. Kisha baba akawasimulia wateja, wateja wakamsifu, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ukweli ulivyozidi kuwa mgumu kutamka.

Mwezi mmoja kabla ya safari, wanafunzi na wazazi wao waliitwa shuleni. Kocha wa kuogelea, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, aliwaambia kwamba hapandi melini mtu asiyeweza kuruka kwenye kina kirefu na nguo zake, akaelea mpaka aitwe atoke.

"Asiyejua ainue mkono sasa, nimfundishe," alisema. "Atakayeshindwa siku ya jaribio, nafasi yake anapewa mwingine."

Mkono mmoja tu uliinuka, wa mvulana mwenye miwani, na wenzake wakamcheka chinichini. Mkono wa Samaki ulifika kifuani. Hapo akamsikia baba nyuma yake akimnong'oneza jirani: "Wangu hana shida. Wangu samaki kabisa." Mkono ukabadili safari, ukaenda kukuna shingo.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, baba alichukua taulo.

"Samaki."

"Abee, baba."

"Twende bwawani kama zamani. Nataka nikuone kule kwenye kina, kabla hujaniacha."

Bwawa lilikuwa lilelile, ila ngazi ilikuwa imepata kutu. Baba alikaa pale alipokuwa akikaa siku zote.

"Maji yana baridi, baba."

"Tangu lini samaki akalalamikia baridi?"

Samaki alishuka, akaenda kidogokidogo kuelekea kina kirefu, mkono mmoja umeshika ukingo. Kidole kilitafuta sakafu. Hakikuiona. Kikatafuta tena. Akaung'ang'ania ukingo kwa mikono miwili.

"Vipi, umekazwa na msuli?" baba aliuliza.

Uongo alikuwa ameletewa mpaka mlangoni. Kilichobaki ni kuitikia tu. Lakini akawaza siku ya jaribio, katikati ya kina, pasipo ukingo wa kushika.

"Baba, sijui kuogelea."

"Unasemaje?"

"Sijawahi kujua. Nilikuwa natembea. Kwa kidole."

Baba hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Uso ulimshuka, akaitazama taulo mikononi mwake.

"Nimewaambia watu wote," alisema polepole.

"Najua, baba. Ndiyo maana nilishindwa kusema."

"Kwa hiyo ungezama huko, na mimi niko hapa nakusifia kwa wateja." Alimvuta kutoka majini, akamfunika taulo, na wakarudi nyumbani. Jioni Samaki aliomba alama zifumuliwe. Baba alichukua wembe, akawatoa samaki wote, nguo moja baada ya nyingine.

Kesho yake walikwenda pamoja kwa kocha.

"Mbona hukuinua mkono?" kocha aliuliza.

"Niliona aibu, mwalimu."

"Aibu haielei. Kesho asubuhi uwe hapa, na mwenzako mwenye miwani. Yeye ameshakuacha mbali, kwa hiyo jiandae kunywa maji."

Aliyanywa kweli. Aliyanywa puani na mdomoni, na mara mbili alitaka kuacha. Mvulana mwenye miwani ndiye aliyemshika mgongo. "Usikaze shingo," alimwambia. "Na usijali. Mimi walinicheka siku moja, wewe ungekwenda kuchekwa na papa." Samaki alicheka, shingo ikalegea, na kwa mara ya kwanza maji yakambeba.

Siku ya jaribio aliruka na sketi na shati lake. Maji yalimfunika. Kidole, kwa mazoea, kikaanza kutafuta sakafu. Akakiacha kitafute mpaka kichoke, akalala chali. Masikio yalikuwa ndani ya maji na dunia ilikuwa kimya. Alizikumbuka Jumapili zile, na baba akipiga makofi kwa kitu ambacho hakikuwepo. Alielea mpaka filimbi ilipolia. Baba alikuwa ukingoni na taulo ileile. Safari hii makofi yalichelewa, kwa sababu alikuwa anafuta macho.

Siku moja kabla ya kuondoka, baba alimkabidhi nguo zote, zimepigwa pasi na kukunjwa. Samaki aligeuza pindo la shati la juu. Samaki wa buluu alikuwa amerudi, ila chini ya tumbo alikuwa ameshonewa mguu mdogo, na mguu ule ulikuwa na kidole kimoja kikubwa.

Bibi alichungulia, akacheka mpaka akakaa. "Ehe, hapo sasa umefanana naye."

"Samaki huzaliwa anajua maji, mwanangu," baba alisema. "Binadamu hufundishwa, na hafundishwi mpaka aseme sijui. Siku uliyonieleza ukweli ndiyo siku uliyoanza kuogelea. Huko uendako utakutana na mengi usiyoyajua. Usikune shingo. Inua mkono."

"Nitainua, baba."

Alilipanga shati lile juu kabisa ya mkoba, likiwa bado na joto la pasi.