Sauti ya Abdurahman

Twaiba alichemsha chai ya tangawizi, akamimina vikombe viwili. Kisha akakumbuka, akairudisha chai ya kikombe kimoja ndani ya birika. Eda ilikuwa imekwisha juma lililopita, lakini mkono wake ulikuwa haujazoea kumimina kikombe kimoja.

Mumewe, Abdurahman, alikuwa mwimbaji wa taarab pale Msambweni. Ujanani alirekodi santuri moja tu. Miaka miwili kabla ya kufa alipigwa na kiharusi, akapoteza kauli. Tangu siku ile hapana aliyeisikia sauti yake tena. Sasa Twaiba alikuwa ameanza kuisahau, na jambo hilo lilimtisha.

Mdogo wake, Luqman, akamtafutia Ukunda mashine ya santuri iliyokwisha tumika. Aliiunganisha na amplifaya ya nyumbani, akaweka santuri ya Abdurahman. Spika zikatoa sauti nyembamba, kama mbu aliyefungiwa chupani. Alipoongeza sauti, chumba kilijaa mvumo. Alipochomeka waya kwenye tundu la maikrofoni, sauti ilipasuka, ikakwaruza masikio.

"Zima," Twaiba alisema. "Unamuumiza."

"Dada, dukani wameniambia dawa ni amplifaya kubwa. Lakini hatuiwezi bei yake."

Twaiba aliigeukia cherehani yake. "Nitafutie mnunuzi wa cherehani," alisema.

Cherehani ndiyo iliyowalisha wakati wote Abdurahman alipokuwa kitandani. Luqman aliinama, akachomoa waya.

Kesho yake jirani yao, Virginia, alikuja kuchukua gauni lake. Virginia alikuwa fundi wa vyombo vya sauti katika hoteli moja ya Diani.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Gauni lako ndilo la mwisho. Cherehani naiuza."

Virginia aliuliza sababu, akaelezwa yote. Akaenda kuitazama mashine ya santuri, mbele na nyuma.

"Msiuze kitu," alisema. "Santuri hii ni nzima. Sindano hutoa umeme mdogo sana, mdogo kuliko wa redio. Tena, santuri inapotengenezwa, sauti nzito hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, ili mifereji yake itoshee. Mnahitaji kikuza sauti cha santuri. Mafundi hukiita priamp. Kinaukuza umeme ule, na kuzirudisha sauti mahali pake. Amplifaya kubwa peke yake ingewapa kelele kubwa tu."

"Nacho si ghali?" Twaiba aliuliza.

"Kipo cha bei ndogo, na chatosha. Mashine nyingine huwa nacho ndani, na amplifaya nyingine zina tundu lake lililoandikwa PHONO. Mwenye hayo hanunui kitu. Zenu hazina. Sindano yenu ni ya kawaida, kwa hiyo tafuteni kilichoandikwa MM. Kiwe na skrubu ya kufungia huu waya mwembamba unaotoka nyuma ya mashine, maana ndio unaoondoa mvumo. Vyenye mataa na vitufe vingi, viacheni. Na wewe Luqman, nenda na mashine yako, ujaribu kwanza kabla hujalipa."

Luqman alikwenda Ukunda. Muuzaji alimsifia kikuza kikubwa chenye taa za buluu. Luqman aliuliza kama kina skrubu ya waya. Hakikuwa nayo. Akajaribu kingine chenye skrubu na alama ya MM, kidogo kama kipande cha sabuni, mvumo ukatoweka. Akakinunua hicho, na cherehani ikabaki mahali pake.

Alasiri ile alifunga waya ule mwembamba, akaishusha sindano polepole. Kwanza ilikuja fidla. Kisha ngoma, nzito na safi. Kisha mtu akavuta pumzi, na Abdurahman akaanza kuimba.

Ilikuwa sauti ya kijana, nayo ilikuwa karibu mno. Luqman alimgeukia dada yake akitabasamu, lakini Twaiba hakuwa akimtazama. Alikuwa amesogea, amekaa chini sakafuni kando ya spika.

"Alikuwa na kitembe kidogo," alisema taratibu. "Msikilize ulimi wake unavyogusa meno. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na kitembe."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Luqman alinyoosha mkono azime mashine, kisha akaurudisha. Akaiacha santuri iimbe hadi mwisho.