Baba Si Kabati

Msasa hakuwa na mama, hakuwa na dada wa kupokezana naye zamu, wala hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa. Kaka yake alifanya kazi mbali; nyumbani alikuwa na baba tu, na huyo baba alibaki na pafu moja na nusu.

Jina la Msasa alipewa na mafundi wa karakana, kwani akishika jambo haliachi mpaka lilainike. Kila akitoka shule alipitia wodini, akamnawisha baba yake uso. Madaktari walikuwa wamempasua seremala huyo ubavuni, wakakata kipande cha pafu chenye saratani. Nesi alisisitiza: akohoe kwa nguvu, avute pumzi ndefu, atembee hadi dirishani.

Nesi akigeuka tu, baba hunong'ona, "Mwanangu, mbao iliyotiwa gundi haitikiswi kabla haijakauka. Nikikohoa nitafumuka."

Msasa, aliyekulia kwenye maranda, aliona hayo ni kweli tupu. Nesi alipouliza, alijibu, "Amekohoa, dada. Na kutembea ametembea."

Haikupita wiki, homa ikampanda baba. Makohozi yalimjaa kifuani, akahema kama msumeno butu. Msasa aliona uongo wake ukimkaba baba yake mchana kweupe.

"Dada nesi," alisema akilia, "hakukohoa hata mara moja. Nilikudanganya."

Nesi hakumgombeza. Alimketisha mgonjwa wima, akambana ubavu kwa mto. "Kohoa, fundi! Wewe si kabati!"

"Na nikifumuka?"

"Nitaitisha gundi. Kohoa!"

Alikohoa, akatoa machozi, akakohoa tena. Dawa nazo zikasaidia, homa ikashuka. Lakini daktari hakuwaficha: saratani ilikuwa imeshasambaa, na randa hataishika tena.

Msasa aliinamisha kichwa. Nesi akamshika bega. "Ukweli hauponyi kila kitu, mdogo wangu. Ila uongo unatunyima hata kile kidogo tunachokiweza."

Jioni ile baba alisema, "Mwandikie kaka yako huko kazini."

"Niandike unaendelea vizuri?"

Baba alivuta pumzi ndefu, uso umemkunjamana kwa maumivu. "Hapana. Andika asingoje nipone ndipo aje. Aje sasa."

Msasa aliandika vivyo hivyo, bila kupunguza neno. Akaramba bahasha, akaifunga, akaenda mbio kuitumbukiza katika sanduku la posta.