Mlango wa Gereji Uliosema Hapana

Mlango wa gereji ya Injinia Ndimbo ulishuka taratibu mpaka shubiri moja kutoka sakafuni, ukasimama. "Hapana," ukasema kwa sauti ya upole, kisha ukapanda tena juu. Ulikuwa mlango-akili, ule ambao Dodoma nzima iliusifu mpaka ikachoka. Haukuwa na kitasa wala ufunguo. Ulikuwa na jicho-joto la kutambua mtu aliye kizingitini, na bongo lake, kibao kidogo kama kipande cha sabuni, lilijifunza kila siku.

"Tangu jana ni hapana, hapana!" Ndimbo alifoka. "Fundi, dhoruba ya vumbi inaingia saa kumi. Vumbi likiingia kwenye injini za gari-anga langu, kwisha habari yangu!"

"Tutauangalia, mzee," alisema Nyanzobe, akaweka begi chini.

Ndimbo hakumtambua. Angemtambulia wapi? Miaka miwili nyuma, kwenye baraza la uchunguzi, Nyanzobe alikaa safu ya mwisho na mama yake, na huyu bwana, mkuu wa kiwanda cha milango-akili, akasimama kifua mbele akatamka maneno saba tu: "Mlango ulikuwa mzima. Fundi ndiye aliyekuwa amelewa." Fundi huyo alikuwa Lushinge, mdogo wake Nyanzobe wa tumbo moja, aliyebanwa na mlango wa ghala akafa akiwa kazini. Lushinge, ambaye hata harufu ya pombe ilimtapisha! Mama yao akawa anazomewa sokoni: mama wa mlevi. Tangu siku hiyo Nyanzobe alikuwa akimngojea Ndimbo, na leo Ndimbo kampigia simu mwenyewe.

Alifanya kazi ipasavyo, lakini moyo ulikuwa unamchemka. Alipima reli, zilikuwa zimenyooka. Springi zilikuwa nzima. Alifuta jicho-joto kwa kitambaa, akapitisha kikombe cha chai ya moto chini yake, likaona. Ndimbo alikuwa anazunguka pale pale kizingitini, akiangalia saa. Kuliziba jicho lile kwa kidole kimoja tu mlango umshukie, basi! Nyanzobe aliuondoa mkono, akafungua kasha la bongo.

Namba ikamkodolea macho: 9-0417. Aliijua kwa moyo. Iliandikwa kwenye karatasi za uchunguzi, ukurasa wa kwanza. Lilikuwa bongo la mlango wa ghala.

"Hili bongo umelitoa wapi, mzee?"

"Stoo ya kiwandani. La bure, na walishalifuta. Kwani vipi?"

Bahili mkubwa we, Nyanzobe aliwaza. Umemwingiza shahidi nyumbani kwako kwa sababu ya vya bure. Akatia mkono begini, akatoa kisomeo chake cha kufukua kumbukumbu zilizofutwa.

"Mlango ni mzima?" Ndimbo aliuliza.

"Wewe unaonaje?"

"Mzima kabisa! Una ukaidi tu. Ulazimishe."

"Naweza kuwasha amri ya lazima," Nyanzobe alisema polepole. "Ila unaijua desturi yetu mafundi. Anayesema mlango ni mzima huweka mkono wake chini, ndipo tunaushusha. Karibu, mzee. Weka."

Angeuweka, Mungu amsamehe Nyanzobe, angebonyeza.

Ndimbo aliruka nyuma hatua mbili. "Una wazimu? Amri ya lazima haisikilizi jicho! Itanikata mkono!"

"Kumbe unajua."

"Mimi ndiye niliyeitunga, nitaachaje kujua?"

Nyanzobe alichomeka kisomeo kwenye bongo, na ile sauti ya upole ikajaa gereji nzima: "Mtu amelala kizingitini, anakaza reli. Nimekataa mara ya kwanza. Nimekataa mara ya pili. Nimekataa mara ya tatu. Amri ya lazima kutoka ofisi kuu, Ndimbo: malori yanasubiri, funga. Nimefunga. Mtu hapumui. Sitafunga tena."

Ndimbo alikaa chini kama gunia. "Zima," alisema. "Fundi, mama yangu, zima hicho kitu. Sema unataka nini."

"Alikuwa anaitwa Lushinge. Ni mdogo wangu." "Leo mama yangu ataisikia hii. Kesho baraza litaisikia, na sokoni wataisikia wote, mmoja mmoja."

Alilichomoa bongo, akalifunga kwenye khanga, akalitia begini. Mlango ukabaki juu, wazi, bila kusema neno. Nje mbingu ilishageuka nyekundu, na vumbi la kwanza lilikuwa linaingia gerejini likitambaa kuelekea kwenye gari-anga.

"Fundi! Utaniachaje hivi? Mlango je?"

Nyanzobe alivuta barakoa yake puani, akageuka mara moja tu.

"Mlango ni mzima, mzee. Fundi ndiye aliyelewa."