Ombi la Kumwondoa Mzee Bwanali

Mwezi wa kumi Newala hukauka. Mvua bado, na korosho ndiyo kwanza zinaanguka. Kila asubuhi Dominika, ambaye majirani humwita Mama Huruma, alibeba ndoo mbili hadi kwenye birika la mtaa. Kila asubuhi alikuta kufuli.

Mwenye ufunguo alikuwa Mzee Bwanali, mjumbe wa kamati ya Umoja wa Wenye Nyumba. Naye alikuwa shambani kwake Makote, anaokota korosho. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake hukohuko.

Dominika alikalia ndoo akakumbuka. Zamani wanawake waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda tena na maji kichwani. Mama yake aliimba njia nzima ili watoto wasilie. Kisha Bwanali na Gasper, mume wa Dominika, wakapita nyumba kwa nyumba: "Tuchimbe birika, tuvune maji ya mvua kwenye bati zetu." Watu waliwacheka. Wawili wale wakachimba. Siku zile zilikuwa tamu, jamani, japo mikono ilitoka malengelenge.

Jioni akaja jirani yake Anderson, katibu wa umoja, na karatasi mbili.

"Mama Huruma, tunamtoa Bwanali. Sahihi arobaini ninazo. Kesho tunaweka kufuli jipya."

"Arobaini? Mbona mimi sina habari?"

Dominika alisoma karatasi ya pili. Palikuwa na jina la Gasper na sahihi yake mwenyewe, ile G yenye mkia mrefu. Gasper alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Alipitisha kidole juu ya wino, machozi yakamtoka.

"Anderson, mume wangu amefufuka lini?"

Anderson aliinamisha kichwa. "Ni orodha ya waliochukua salfa ya kupulizia mikorosho mwaka ule. Nimekata maneno ya juu tu. Si watu ni walewale?"

"Umemfanya marehemu amfukuze rafiki yake!"

Kesho yake walikwenda kwa Shakila, afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Sahihi ya salfa ni ya salfa," alisema Shakila. "Kuitumia hapa ni kughushi. Katiba ya umoja wenu mnayo?"

Walikuwa nayo, mpya kabisa, maana haijawahi kufunguliwa. Waliisoma pamoja.

"Mjumbe anaondolewa, ila kwa utaratibu," Shakila alieleza. "Andikeni ombi jipya lenye sababu. Kila mwenye nyumba alisome. Asiyejua kusoma asomewe. Kisha atie sahihi au dole gumba yeye mwenyewe. Katiba yenu inataka theluthi moja ya wenye nyumba. Halafu mpeni Mzee nakala, na siku kumi na nne za kujiandaa kujibu. Mkutano utangazwe mapema, na kura iwe ya siri."

"Tumpe nakala yeye?" Anderson alishtuka.

"Wewe ungependa uhukumiwe ukiwa shambani?"

Anderson akachukua kalamu, akaanza kuandika ombi jipya.

Nakala aliipeleka Dominika mwenyewe, hadi Makote.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Mzee alisoma polepole. "Nawe umetia sahihi?"

"Nimetia, shemeji. Maji hatupati." Aliogopa kwamba udugu wa miaka yote unaishia hapo. Mzee aliikunja nakala, akaitia mfukoni.

Siku ya mkutano, wenye nyumba arobaini walifika. Mzee Bwanali alisimama.

"Mwaka fulani nilimwazima mtu ufunguo," alisema. "Akaacha mfuniko wazi, mbuzi akafia ndani. Toka hapo simwamini mtu. Nimeyalinda maji mpaka nikawanyima. Kosa langu."

Kura zikapigwa. Thelathini na moja walitaka atoke, tisa abaki. Akachaguliwa Yuliana, anayekaa jirani na birika. Walikubaliana pia kuwe na ufunguo wa pili kwa mwenyekiti wa umoja.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, birika lilikuwa wazi. Mzee Bwanali alikuja na ndoo yake. Wanawake walimpisha atangulie, akakataa, akapanga foleni nyuma ya Dominika.

"Shemeji, umenikasirikia?" Dominika aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata mimi nilipiga kura nitoke. Miguu imechoka." Mzee alichota maji kwa kiganja kutoka ndoo ya Dominika, akanywa. "Lakini mngebadili kufuli nikiwa shambani, maji haya nisingeyanywa tena."